Amana ya Wafanyakazi: Jinsi Jiji la New York Lilivyouza Hisa za Mafuta

Mwalimu wa shule ya umma jijini New York anapopokea mshahara wake, sehemu fulani huwa imekwisha kukatwa na kupelekwa katika mfuko wa pensheni. Wengine wanaoutumikia mji huo, kama karani wa ofisi ya jiji, mzoa taka, askari polisi na mzimamoto, nao wana mifuko yao. Haba na haba hujaza kibaba: mwanzoni mwa mwaka 2018 mifuko mitano ya pensheni ya jiji hilo ilikuwa na dola bilioni 189, iliyowekwa kwa ajili ya wafanyakazi na wastaafu wapatao 700,000. Fedha hizo hazikai sandukuni. Hununua hatifungani za serikali, majengo na hisa za makampuni, ili zizae na kumlipa mzee siku atakapostaafu. Kwa njia hiyo mwalimu yule, ambaye huenda hajawahi kuona kisima cha mafuta maishani mwake, alikuwa mmiliki wa sehemu ndogo ya visima vya mafuta, mabomba ya gesi na migodi ya makaa ya mawe.

Je, mji unaoweza kuzama kwa sababu ya joto la dunia uendelee kuyamiliki makampuni yanayochimba mafuta hayo? Na kama jibu ni hapana, ni nani mwenye haki ya kutamka hapana hiyo, ilhali fedha si za meya wala si za serikali, bali ni amana ya watu? Maswali haya mawili ndiyo kiini cha historia tunayoisoma leo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Nishati ya visukuku ni mafuta, gesi na makaa ya mawe, yaani nishati itokanayo na mabaki ya mimea na viumbe waliofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Ikichomwa hutoa hewa ya ukaa, ambayo ndiyo sababu kuu ya mabadiliko ya tabianchi. Kuondoa uwekezaji ni kuuza hisa na hatifungani za makampuni fulani, si kwa sababu yana hasara tu, bali pia kwa sababu mwenye fedha hataki tena kushirikiana nayo. Tendo hili ni tofauti na kususia bidhaa, ambako mnunuzi anakataa kununua kitu dukani. Ni tofauti pia na vikwazo, ambavyo huwekwa na serikali kwa nguvu ya sheria. Mara nyingi, hata hivyo, matatu haya hufuatana, na historia yake inapita karibu na kwetu kuliko tunavyodhani.

Tarehe 26 Juni 1959, mkutano wa hadhara ulifanyika London katika ukumbi wa Holborn. Mmoja wa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, kiongozi wa TANU, wakati Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru. Mkutano huo uliwaomba wananchi wa Uingereza wasinunue matunda, mvinyo na bidhaa nyingine kutoka Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ikitawaliwa kwa siasa ya ubaguzi wa rangi. Harakati iliyoanzishwa siku hiyo ilikua na kuwa chama kikubwa cha kupinga ubaguzi huo nchini Uingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: anayenunua tunda la mkulima mbaguzi anamsaidia kuendelea kubagua.

Nchini Marekani hoja hiyo ilihama kutoka kwenye kikapu cha sokoni hadi kwenye vitabu vya hesabu. Ikiwa ni vibaya kununua tunda, basi ni vibaya zaidi kumiliki kampuni inayonufaika na mfumo ule. Wanafunzi wa vyuo vikuu, makanisa na vyama vya wafanyakazi walianza kuuliza fedha za taasisi zao zimewekwa wapi. Mwaka 1979 wapiga kura wa mji wa Berkeley, jimboni California, waliamua kwamba fedha za mji wao zisiwekwe katika mabenki na makampuni yenye shughuli Afrika Kusini. Mwezi wa Agosti 1984, bodi ya wadhamini wa mfuko mkubwa wa pensheni wa wafanyakazi wa jiji la New York ilipiga kura kuuza hisa za makampuni ya aina hiyo kwa awamu, katika muda wa miaka mitano. Kabla ya mwisho wa harakati hizo, makumi ya miji ya Marekani na zaidi ya majimbo 20 yalikuwa yamechukua hatua zinazofanana.

Hapa mwanahistoria mwaminifu hana budi kutembea polepole. Je, uuzaji wa hisa ndio ulioangusha ubaguzi wa rangi? La hasha. Waliouangusha kwanza ni Waafrika Kusini wenyewe, kwa migomo, maandamano, vifungo na vifo. Tena hisa iliyouzwa New York ilinunuliwa na mtu mwingine. Kampuni haikupoteza hata senti siku hiyo. Lakini tendo lile liliharibu jina la kufanya biashara Afrika Kusini. Mwaka 1985 benki ya Chase Manhattan, yenye makao yake New York, ilikataa kuendelea kuikopesha nchi hiyo, na mabenki mengine yakafuata. Mwaka 1986 General Motors na IBM zilitangaza kuondoka. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo, likiishinda kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan. Maelfu ya kura ndogondogo katika mabaraza ya miji na bodi za pensheni yalikuwa yamekwisha kuwazoesha wanasiasa wazo ambalo awali lilionekana la wachache.

Nelson Mandela alipozuru New York mwezi wa Juni 1990, miezi minne tu baada ya kutoka kifungoni, umati mkubwa ulijaa barabarani kumpokea. Septemba 1993 alirudi katika jiji hilo na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akiomba vikwazo vya kiuchumi viondolewe, kwa kuwa njia ya uchaguzi ilikuwa imefunguka. Hivyo ndivyo chombo hiki kinavyotakiwa kutumika: kikae mkononi mpaka sababu yake iishe, kisha kiwekwe chini.

Takriban miaka 20 baadaye kilichukuliwa tena, safari hii kwa sababu nyingine. Tarehe 29 Oktoba 2012 kimbunga Sandy kiliipiga New York. Maji ya bahari yaliingia katika mahandaki ya reli ya chini ya ardhi, umeme ukazimika sehemu kubwa ya Manhattan, na zaidi ya wakazi 40 wa jiji wakapoteza maisha. Serikali ya jiji ilikadiria hasara kuwa dola bilioni 19. Hakuna mtaalamu awezaye kudai kwamba joto la dunia pekee ndilo lililozaa kimbunga kile. Kinachojulikana ni kwamba usawa wa bahari katika bandari ya New York umepanda kwa takriban futi moja tangu mwanzo wa karne ya 20, na bahari iliyopanda hupeleka mafuriko mbali zaidi kila dhoruba inapokuja.

Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, upande wa pili wa Marekani, meya wa Seattle, Mike McGinn, aliutaka mfuko wa pensheni wa jiji lake uachane na makampuni ya mafuta. Wengi walishangilia, wakaandika kwamba Seattle imekuwa ya kwanza. Lakini meya hakuwa na mamlaka ya kuamuru. Bodi ya mfuko ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho, nayo haikukubali kuuza. Tukumbuke mfano huu, maana unatufundisha tofauti kati ya tangazo na uamuzi.

Mwaka 2014 Askofu Mkuu Desmond Tutu, ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa ameiomba dunia iisusie nchi yake, aliandika kwamba mbinu zilezile zitumike sasa dhidi ya makampuni ya nishati ya visukuku. Uzi uliofumwa London mwaka 1959 ukaunganishwa waziwazi na suala la tabianchi.

Tarehe 10 Januari 2018, meya wa New York wakati huo, Bill de Blasio, na mdhibiti wa fedha wa jiji, Scott Stringer, walitangaza nia ya kuondoa uwekezaji wa mifuko ya jiji katika makampuni yanayomiliki akiba za mafuta, gesi na makaa ya mawe. Uwekezaji huo ulikadiriwa kuwa dola bilioni 5, katika makampuni zaidi ya 190. Ukigawa utaona kwamba ni chini ya senti tatu katika kila dola ya mifuko hiyo. Siku hiyohiyo jiji lilifungua kesi dhidi ya makampuni matano makubwa ya mafuta, likidai yalipe gharama za kujikinga na bahari inayopanda.

Kesi ile haikufika mbali. Mwezi wa Julai 2018 jaji wa mahakama ya shirikisho aliitupa, akieleza kwamba tatizo la tabianchi linapaswa kushughulikiwa na Bunge na serikali kuu, si na mahakama. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwezi wa Aprili 2021. Njia ya mahakama ilipoziba, njia ya mfuko wa pensheni ilibaki wazi. Hata hivyo, ilikuwa njia ndefu.

Urefu wake ulitokana na muundo. Mifuko ni mitano: wa wafanyakazi wa jiji kwa jumla, wa walimu, wa bodi ya elimu, wa polisi na wa wazimamoto. Kila mmoja una bodi yake ya wadhamini. Katika bodi hizo hukaa wawakilishi wa meya, mdhibiti wa fedha aliyechaguliwa na wananchi, na watu waliotoka upande wa wafanyakazi wenyewe. Katika mfuko wa walimu, wako wadhamini watatu wanaochaguliwa na walimu kwa kura. Sheria inawafunga wote kwa wajibu mmoja, ambao Kiswahili kina neno lake zuri: amana. Aliyepewa amana haruhusiwi kuitumia kwa matakwa yake, hata kama matakwa hayo ni mema. Lazima aangalie faida ya mwenye mali, yaani mzee anayesubiri pensheni.

Kwa hiyo wadhamini hawakuweza kusema tu kwamba mafuta yanachafua hewa. Iliwapasa kuuliza kama kuuza hisa zile kungewapunguzia wastaafu chochote. Waliajiri washauri wa fedha kuchunguza hesabu, na washauri wakaeleza kwamba mifuko mingine duniani iliyokwisha kuuza haikudhurika. Wakapima pia hatari ya upande wa pili: kama dunia itaacha polepole kutumia mafuta, akiba zilizo ardhini zinaweza kubaki bila mnunuzi, na anayezimiliki atabaki na karatasi isiyo na thamani. Mapema mwaka 2021 mifuko mitatu, yaani wa wafanyakazi wa jiji, wa walimu na wa bodi ya elimu, iliidhinisha uuzaji. Mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa imeuza uwekezaji wa dola bilioni 3 hivi. Mifuko ya polisi na wazimamoto haikujiunga. Mji mmoja, meya mmoja, lakini majibu mawili. Na kila jibu lilitolewa na bodi iliyokuwa na haki ya kulitoa.

Ubishi haukuisha hapo. Mwaka 2023 wafanyakazi wachache waliishtaki mifuko yao, wakidai kwamba wadhamini wametanguliza siasa mbele ya amana. Mwaka 2024 mahakama iliitupa kesi hiyo kwa sababu inayostahili kufikiriwa: pensheni ya wafanyakazi hao ni kiasi kilichowekwa na sheria, hakipungui hisa zikishuka, hivyo hawakuweza kuonyesha kwamba wamepata madhara. Upungufu ukitokea, anayejaza ni jiji, na jiji ni walipa kodi.

Wako pia wanaokubali kwamba joto la dunia ni hatari, lakini wanapinga kuuza. Anayeuza hisa, wanasema, anatoka katika nyumba na kumwachia ufunguo mtu asiyejali. Mwaka 2021 wanahisa wa ExxonMobil, mifuko mikubwa ya pensheni ikiwa miongoni mwao, walipiga kura kuingiza wakurugenzi watatu wapya ambao menejimenti ya kampuni haikuwataka. Kama wote wangekuwa wamekwisha kuuza, kura ile ingepigwa na nani? Na mwaka huohuo jimbo la Texas, linaloishi kwa mafuta, lilitunga sheria ya kuzuia mifuko yake isiwekeze katika taasisi za fedha zinazosusia makampuni ya nishati. Silaha ileile ilielekezwa upande wa pili. Mwananchi anayeshangilia nguvu ya mfuko wa umma inapomfaa, ajue kwamba jirani yake anaweza kuitumia nguvu hiyo kwa lengo tofauti kabisa.

Septemba 2020 miji 12 ilitia saini azimio la pamoja la kuondoa uwekezaji katika nishati ya visukuku. New York, London, Berlin na Oslo zilikuwamo. Zilikuwamo pia Cape Town na Durban. Nchi ambayo zamani hisa zake zilikimbiwa, sasa miji yake ilikuwa miongoni mwa inayokimbia hisa za wengine. Si jambo dogo, hasa ukikumbuka kwamba Afrika Kusini huzalisha sehemu kubwa ya umeme wake kwa makaa ya mawe, na kwamba maelfu ya familia hula kwa jasho la migodi hiyo.

Nasi hapa Uganda hatuwezi kuisoma habari hii kana kwamba inatokea mwezini. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba bonde la Ziwa Albert lina mafuta yanayoweza kuuzwa. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, pwani ya Tanzania, ndilo litakaloyapeleka baharini. Wapinzani wa bomba hilo wametumia somo lilelile la miaka ya 1980: wamewaendea wenye fedha. Mabenki kadhaa ya nchi za Magharibi yametangaza kwamba hayataligharamia. Lakini mwezi wa Machi 2025 kampuni ya bomba ilitangaza kupata sehemu ya kwanza ya mkopo kutoka kundi la taasisi zilizojumuisha Afreximbank na mabenki yanayofanya kazi papa hapa Uganda. Fedha iliyokataa kuja kwa mlango mmoja iliingia kwa mwingine, ingawa kwa kuchelewa.

Wanafunzi wengi huniuliza kama hii ni haki. New York ilitajirika katika karne nzima ya kuchoma mafuta na makaa; Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani kila mwaka. Kwa nini aliyekwisha kushiba ndiye amwambie mwenye njaa kwamba chakula ni kibaya? Swali hili ni halali, na halijibiwi kwa kulidharau. Lakini lina mwenzake. Mkulima wa Kasese ambaye mto umefurika na kulichukua shamba lake hajauchafua ulimwengu, naye ndiye anayelipa. Uonevu wa kwanza hauufuti wa pili. Mwanafunzi wa uraia hana budi kuyabeba maswali yote mawili kwa wakati mmoja, bila kulitupa moja ili mzigo uwe mwepesi.

Kwa hiyo sikuandika haya ili kumfundisha msomaji auze au asiuze. Nimeyaandika kwa sababu ya jambo lililo chini ya ubishi wote huo. Mwalimu wa New York aliweza kujua fedha zake zimewekwa wapi. Aliweza kumpigia kura mdhamini wake. Na aliyepinga uamuzi aliweza kwenda mahakamani. Bila mambo hayo matatu, uamuzi wa kuuza ungekuwa amri tu, na uamuzi wa kutouza ungekuwa amri vilevile.

Uganda ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambamo mfanyakazi huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 10. Fedha zake nazo hununua hatifungani, hisa na majengo, na vyama vya wafanyakazi vina wawakilishi katika bodi yake. Kenya na Tanzania zina mifuko ya namna hiyo pia. Siku moja wewe unayesoma utapata kazi, na utaona kwenye karatasi ya mshahara fedha iliyokatwa kabla hujaishika. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni ya leo muulize mzazi, mjomba au shangazi aliyeajiriwa: fedha unayokatwa kila mwezi imewekwa wapi, na ni nani anayekuwakilisha mahali inapoamuliwa? Akishindwa kujibu, tafuteni jibu pamoja. Hata jiji la New York lilianzia hapo, kwa watu waliouliza.